Januari Benin: Ouidah, Abomey, na dini iliyochafuliwa na filamu

Nimerudi Tanga wiki iliyopita. Haya nimeyapanga kutoka kwenye kijidaftari, risiti na picha za simu. Siku ambazo hazikuwa na jambo nimeziruka.

Msafiri mwenzangu alikuwa shemeji, kaka yake mke wangu, mtu wa Bukavu. Alisomea uhasibu Cotonou enzi za ujana wake, Kifaransa kinamtoka bila kufikiri, na ni mlokole wa kufunga na kukesha. Miaka yote ya chuo hakukanyaga hekalu la Vodun, dini ya jadi ya Benin, ile ambayo kwenye filamu huitwa vudu. Safari hii alikuwa anakwenda kumtembelea mtu aliyesoma naye, mwenyeji wa Ouidah, nami nikamng'ang'ania twende wote, maana 10 Januari ni sikukuu ya Vodun. Ni siku ya mapumziko nchi nzima tangu miaka ya 1990, na tangu 2024 serikali imeitanua kuwa tamasha la zaidi ya siku moja.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nilipewa mawaidha ya kutosha: usile kwa mtu, usinyolewe huko, usipokee zawadi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Benin. Elimu yao yote, na yangu pia, ilitoka kwenye filamu za Kinaijeria tulizokuwa tukizitazama vibandani huku mtu akitutafsiria kwa kipaza sauti. Mganga kapaka chokaa jicho moja, anamwita adui ndani ya beseni la maji, adui anatokea.

6 Januari: Dar, Kigali, Cotonou

Ndege ilichelewa Kigali saa sita kwa hitilafu ambayo hakuna aliyetaka kuitaja. Tulipewa soda na mkate wenye jibini. Cotonou tukashuka saa nane usiku, hewa nzito ya bahari, na kwa mbali harufu ya petroli.

Ofisa wa uhamiaji aliitazama kadi ya chanjo ya homa ya manjano kabla ya pasipoti, kwa hiyo usiipakie kwenye begi la chini. Viza hatukuhitaji, Mwafrika anagongewa muhuri tu. Pesa njoo nazo kwa euro badala ya dola: faranga ya CFA imefungwa kwenye euro (655.957 kwa euro moja), basi ukikutana na mbadilishaji mwenye tamaa unajua kabisa anakuibia kiasi gani. Elfu moja ya kule ni kama elfu nne na kitu ya Tanzania.

7 Januari: Cotonou

Bodaboda wa Cotonou wanaitwa zemijani, wanavaa mashati ya njano, na petroli wananunua kando ya barabara kwenye chupa za glasi, nyingi ikiwa ya magendo kutoka Nigeria. Safari fupi tulilipa 300 mpaka 500. Patana kabla hujapanda. Kiamshakinywa kilikuwa atassi, yaani wali uliopikwa pamoja na maharage, juu yake pilipili ya kukaanga na yai, 700 kwa sahani iliyotushinda kumaliza.

Mchana tukaenda soko la Dantokpa, upande wa wauza vifaa vya ibada na tiba. Vinyonga vikavu, mafuvu ya nyani, magome, kauri, kengele za chuma. Harufu yake kali. Shemeji alisimama kwenye kona ya muuza vitenge akasema, "Shemeji, miye nabaki hapa, unaniita tu kama unataka maneno." Nikawa naenda na kurudi kama mpeleka barua, mpaka muuzaji mwenyewe, mama wa makamo, akachoka akatoka kumfuata.

Nilitaka kuona yale masanamu ya kuchomwa sindano. Mama hakuelewa. Shemeji akaeleza kwa mikono: mtu mdogo, sindano, puu, adui anashika kifua. Mama akacheka mpaka jirani zake wakauliza kuna nini. Akaingia ndani akatoka na visanamu viwili vya mbao vya kimo cha kiganja. Akasema vya watu wadogo alivyo navyo ni hivi, na ole wake atakayevichoma sindano. Ni vya mapacha. Pacha mmoja akifa, familia inachongesha kisanamu chake, na mama mzazi anakiogesha, anakivisha, anakilisha wakati anapomlisha aliye hai, na akienda sokoni anakifunga kwenye kitenge kiunoni. Mapacha wana heshima ya pekee kule, na aliyekufa anahesabiwa kwamba ameenda tu msituni kutafuta kuni. Nilivishika. Vilikuwa vimelainika usoni kwa kuogeshwa.

Sindano zenyewe zina historia ndefu Ulaya. Mwaka 1441 Eleanor Cobham, mke wa mwana wa mfalme wa Uingereza, alishtakiwa London kwa kesi ya uchawi iliyohusu sanamu ya nta. Magharibi mwa Congo kuna masanamu ya mbao yaliyopigiliwa misumari, lakini msumari pale unafunga makubaliano au kiapo mbele ya shahidi asiyelala. Changanya hivyo viwili, weka duka la watalii New Orleans, Marekani, na kidude kinapata jina la vudu. Shemeji aliposikia habari ya Congo aliwahi kujitoa: hayo ni ya watu wa upande wa bahari, Bukavu ni mbali.

8 Januari: Ouidah

Ni kama kilomita 40 kutoka Cotonou. Taksi ya pamoja, 1,500 kila mtu, abiria mmoja kampakata mbuzi.

Hekalu la Chatu liko uso kwa uso na Basilika ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, katikati barabara na wauza vinyago. Shemeji akachagua upande wa Basilika. Kwa mlokole, kuomba hifadhi kwa Wakatoliki ni kukubali kwamba hali ni mbaya sana, nami nilimwambia hivyo.

Kiingilio nililipa 1,000, na picha zina bei yake, kwa hiyo uliza kabla hujatoa simu. Ndani ni kibanda cha duara chenye chatu kadhaa wamelala wamefungamana. Ni wale wadogo wa Afrika Magharibi, wasio na sumu, wapole kiasi kwamba kijana wa hekalu alinivika mmoja shingoni kabla sijamaliza kusema hapana. Mzito kuliko nilivyodhani, na baridi. Usiku huachiwa watoke wakajitafutie chakula mjini. Wakazi wakimkuta chatu chumbani hawampigi, wanamrudisha. Wanasimulia kwamba mfalme Kpassè alipokimbia maadui akajificha msituni, chatu ndio waliomlinda, na hisani hiyo mji haujaisahau. Ufalme wa Dahomey uliteka eneo hili mwaka 1727, ukawakuta watu na chatu wao, na chatu wakabaki.

Nilimuuliza yule kijana kama wanaabudu nyoka. Akaniuliza mimi ninaabudu nini. Nikamwambia. Akasema basi Mungu tunaye mmoja, wao wanamwita Mawu, ila Mawu ni mkubwa mno kusumbuliwa na habari za kodi ya nyumba na mtoto mwenye homa. Kazi hizo zina vodun wake, yaani roho wa kuzisimamia: Hevioso wa radi, Sakpata wa ardhi na ndui, Gu wa chuma, Dan wa nyoka na upinde wa mvua. Jibu kama hilo nimewahi kulisikia nyumbani kwa wazee wanaokwenda kufukiza ubani mizimuni, kisha wanawahi sala ya Alasiri.

Basilika na hekalu hawapigani. Papa Benedict wa 16 alikuja Ouidah Novemba 2011, na kabla yake Papa Yohane Paulo wa Pili alikutana na wakuu wa Vodun alipofika Benin mwaka 1993.

Usiku tulilala kwa mwenyeji wetu. Langoni mwa nyumba kuna kichuguu cha udongo chenye kichwa, meno ya kauri na, niseme tu, uume wa mbao uliosimama. Kimemwagiwa mawese mpaka kimekuwa cheusi. Huyo ni Legba. Shemeji alipita ubavu ubavu. Wamisionari waliomkuta miaka ile wakamwita Shetani, na jina hilo limemganda mpaka kwenye mahubiri ya leo. Kazi yake ni kufungua njia na kubeba maneno kati ya watu na vodun, ndiyo maana anakaa mlangoni na analishwa wa kwanza. Haiti, watumwa waliovuka bahari naye walimkuta Mtakatifu Petro na funguo zake kwenye picha za Kikatoliki, wakaona ni mtu yuleyule.

Mama yake mwenyeji wetu huamka alfajiri akaenda misa, akirudi anammiminia Legba maji, kisha anakaanga samaki. Nilimuuliza kwenye sensa alijiandikisha nini. "Mkatoliki," akasema, akinishangaa. Sensa ya 2013 iliwahesabu wafuasi wa Vodun kuwa asilimia 11.6 ya Wabenin. Nadhani akina mama kama huyu hawamo kwenye namba hiyo. Alitusimulia pia miaka ya rais Kérékou, serikali ilipotangaza Umaksi mwaka 1974 na kupiga vita mambo ya jadi. Miti ya ibada ikakatwa, na marehemu mumewe akamhamishia Dan wa familia ndani ya stoo ya mahindi.

Tulikula amiwo, ugali uliosongwa na mchuzi wa nyanya ukawa mwekundu, na kuku. Shemeji alikula vizuri, kisha akatoa lililokuwa moyoni: na wale wasichana wanaolishwa kiapo cha juju wakapelekwa Italia kuuzwa? Mwenyeji akasema hiyo ni Benin City, mji wa Nigeria, na si nchi yao, ila watu wanazichanganya kila siku. Ni kweli. Machi 2018 mfalme wa kule, Oba Ewuare wa Pili, alisimama hadharani akavifuta viapo vyote hivyo na kuwalaani wanaoviapisha. Hata hivyo sikuona kama hoja ya shemeji ilikufa hapo. Kiapo kilikuwa cha kweli na wasichana waliumia kweli, na anayesema mambo haya hayana ubaya wowote ni muuza utalii. Tulichokubaliana mezani ni kwamba dini yenye viapo vinavyoogopwa itapata wa kuvitumia vibaya, na mwenyeji akaongeza kwamba sadaka za makanisani nazo anazijua.

9 Januari: Njia ya Watumwa

Kutoka uwanja wa Chacha mpaka baharini ni karibu kilomita 4. Chacha ni Francisco Félix de Souza, mfanyabiashara wa watumwa kutoka Brazil, rafiki wa mfalme Ghezo wa Dahomey. Tembea kwa miguu asubuhi, maana vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, huficha jua ila halizuii joto. Njiani unaonyeshwa pa Mti wa Kusahau, ambapo wanasimulia wanaume walizungushwa mara tisa na wanawake mara saba ili wasahau walikotoka. Mwisho ni Lango la Kutorudi, mnara wa kuwakumbuka watumwa waliopakiwa melini, mchangani.

Hapo tulikaa na mama mmoja wa Haiti aliyehamia Montréal. Alikuja na kundi, akaachana nalo kwa sababu ya miguu. Ni yeye aliyetununulia madafu, siye tukitafuta chenji. Nilimuuliza kuhusu mazombi.

Akasema kwanza nijue Haiti ilipitia nini. Watumwa walikatazwa dini yao kwa sheria ya Ufaransa ya 1685 iliyoamuru wabatizwe. Agosti 1791 walikutana Bois Caïman, wakafanya ibada, wakala kiapo, na baada ya siku chache mashamba ya miwa yakawaka. 1804 wakawa taifa huru. Nchi zenye watumwa hazikutaka kuamini kwamba watu weusi wameshinda vita kwa akili na jeshi, basi ikabidi iwe mapatano na Shetani. Maneno hayo yalirudiwa na mhubiri wa televisheni wa Marekani, Pat Robertson, mwaka 2010, wakati maiti za tetemeko hazijazikwa. Marekani iliikalia Haiti kuanzia 1915 mpaka 1934, na ni miaka hiyo ndiyo iliyozaa vitabu vya kutisha vya wasafiri na, mwaka 1932, filamu ya kwanza ya mazombi Hollywood.

Zombi wa bibi yake hakula watu. Zombi alikuwa maiti aliyefufuliwa ili alime shamba la mtu bila mshahara wala mapumziko. "Nani anamwogopa zombi?" akauliza, shemeji akitafsiri. "Watu wanaogopa kufanywa zombi." Tulikuwa tumekaa mita chache kutoka Langoni. Sikuwa na swali lingine.

Serikali ya Haiti iliitambua Vodou, kama dini hii inavyoitwa kule, rasmi mwaka 2003. Kipindupindu kilipoingia mwisho wa 2010, makuhani wake kwa makumi walikatwa na kuchomwa na umati uliowatuhumu kueneza ugonjwa kwa unga wa kichawi. Alipofika hapo shemeji alitafsiri polepole. Bukavu na Goma wanajua umati ukimwita mtu mchawi kinafuata nini, na Mwanza na Shinyanga kwetu vikongwe wenye macho mekundu wanajua pia.

10 Januari: sikukuu

Nenda mapema. Saa tatu asubuhi zemijani tayari walikuwa wanatoza mara tatu, na vyumba Ouidah vilikuwa vimejaa tangu Desemba. Beba maji, kofia na chenji.

Ufukweni kulikuwa na maelfu. Wakuu wa Vodun kwenye viti chini ya miavuli mikubwa ya vitambaa, wanawake wa nyeupe wenye shanga begani, ngoma za makundi mbalimbali zikigombana. Wanasiasa walihutubia kwa muda mrefu kama kawaida yao duniani kote. Mbuzi walichinjwa. Damu ilikuwepo na sitasema haikuwepo. Mtu aliyehudhuria Idi kubwa Tanga hatashtuka, na nyama ilipikwa ikaliwa.

Zangbeto ndiye aliyenikamata. Ni lundo la makuti yaliyopakwa rangi, mrefu kunizidi, linazunguka na kukimbia peke yake kwenye mchanga, vijana wakilifagilia njia. Baada ya dansi wakalipindua, ndani hamna mtu. Kazi yake halisi ni ulinzi wa usiku vijijini, hasa upande wa Porto-Novo, kukamata wezi na kutoza faini. Nilipiga makofi na watoto.

Egungun ni jambo jingine. Ni wafu wa koo za Kiyoruba waliorudi kutazama walio hai, wamefunikwa mavazi yenye nakshi kutoka kichwani mpaka chini, na vazi lao likikugusa ni balaa. Wana wasaidizi wenye fimbo wa kuwatenga na watu. Watalii wawili waliosogea na kamera walirudishwa kwa fimbo, na sikuwahurumia. Mimi nilivutwa mkono na mama muuza maji ya mfuko, akaniweka nyuma ya friza lake, akanipa kiti, na akakataa hela ya maji mpaka nikanunua mawili zaidi.

Jioni shemeji akasema kwa jumla amekuta watu wengi waliolewa sodabi, yaani gongo la tembo la mchikichi, na hakumwona Shetani. Akaongeza kwamba Shetani haonekani kirahisi hivyo.

12 na 13 Januari: Abomey

Gari liliharibika kabla ya Bohicon, rejeta imepasuka. Tukakaa saa tatu chini ya mwembe. Mwenye nyumba ya jirani akatuletea benchi, kisha gari, yaani unga wa muhogo uliokaangwa, na maji, tukala na sukari. Hakutaka kulipwa. Kutoka Bohicon mpaka Abomey ni zemijani tu.

Majumba ya wafalme wa Dahomey yamo kwenye urithi wa dunia tangu 1985, kuta za udongo zenye picha za simba, samaki papa na vita. Baada ya Wafaransa kumshinda mfalme Béhanzin walibeba viti vya enzi, milango na masanamu. Vipande 26 vilirudishwa Novemba 2021. Sanamu ya Gu, mungu wa chuma, bado ilibaki Paris. Kwa mtu wa pwani hili linauma karibu: vigango vya Wamijikenda viling'olewa makaburini vikauzwa Marekani kama mapambo, na vichache tu ndivyo vilivyorudi.

Mwongozaji alitueleza habari ya Hwanjile, mama mlezi wa enzi ya mfalme Tegbesu katika karne ya 18. Inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyemleta Mawu na mwenzake Lisa Abomey kutoka nchi ya Waadja, akawaweka juu ya vodun wengine wote ili ufalme utulie. Yaani dini hii ina wanasiasa wake, mageuzi yake na walioingizwa kutoka nje kwa mahesabu. Haikudondoka msituni ikiwa imekamilika.

Kesho yake tukapelekwa kwa bokonon, mpigaji wa Fa, yaani ramli ya kule. Mzee wa shati safi na miwani, uani kwake chini ya mwembe, daftari la miadi mezani. Kwa kuwa hapakuwa na ukuta wala paa, shemeji alikubali kukaa. Ada 2,000. Unanong'oneza swali lako kwenye sarafu bila yeye kusikia. Kisha anarusha mnyororo wenye vipande vinane vya maganda, vinne kila upande, anasoma vilivyoangukia tumbo na vilivyoangukia mgongo, anachora mistari.

Nikaona anachora kitu ninachokijua. Safu nne, kila safu alama moja au mbili. Babu yangu alichora hizohizo kwenye mchanga barazani, alama 16, kila moja na jina lake la Kiarabu. Nikachukua kijiti nikazichora zote nilizozikumbuka. Mzee akavua miwani. Akaweka za kwake kando ya zangu, jozi kwa jozi. Za Fa huunganishwa mbilimbili zikawa 256, na kila ishara ina visa vyake anavyopaswa kuvijua kwa moyo. Wataalamu wameandika muda mrefu kuhusu ufanano wa Fa, ramli ya Waarabu na sikidi ya Madagaska, lakini kuuona kwenye vumbi ni kitu kingine. Tulikaa hapo mpaka kivuli kikahama. Aliniuliza babu alitumia mchanga wa wapi. Wa Pangani, nikasema, na shemeji akatafsiri kwa sauti ya mtu anayesikia habari ya ukwe wake kwa mara ya kwanza.

Majibu ya Fa yalikuwa ya kawaida kabisa, na hapo ndipo filamu zinapopotosha zaidi. Nilitegemea nguvu. Nikapewa orodha ya wajibu: deni la ndugu nililipe, kaburi fulani nilitembelee, nyama fulani nisile kwa muda, nitoe sadaka ya nafaka kwa watoto. Shemeji akamuuliza mzee wazi kama anaweza kumpelekea mtu ugonjwa. Mzee akasema wapo wenye dawa za namna hiyo, wapo na wachawi, na watu wa Vodun wenyewe wanawaogopa na kuja kwake kujikinga. Wanaoombwa mapenzi na utajiri kwa simu kutoka Ulaya, akasema, wengi ni vijana matapeli wa intaneti wanaojipiga picha na fuvu la plastiki. Nikakumbuka nguzo za umeme za kwetu zilivyobandikwa namba za waganga wa kurudisha mpenzi.

Ukienda kwa bokonon nenda na mtu anayefahamika kwake, bei ijulikane kabla ya kukaa, na ukiambiwa ongeza laki moja ili balaa liondoke, simama uage.

15 Januari: Savalou

Barabara ya kaskazini ni nzuri, tulilala usingizi karibu yote. Dankoli, mahali pa ibada, iko nje ya Savalou, kando ya njia: lundo la vigingi vya mti, mafuta mekundu na manyoya, halina ua wala mlango. Kwa sababu hiyo shemeji alikuwa ameshafika katikati, kiatu kimoja kwenye mawese, kabla hajauliza mahali penyewe ni wapi. "Shemeji, hii haihesabiwe," akasema, akarudi nyumanyuma mpaka lami.

Watu wanakuja na nadhiri. Unapigilia kigingi ukisema unachotaka, unapuliza mawese na sodabi, unataja utaleta nini ukifanikiwa. Tulimkuta dereva wa lori aliyekuja na mbuzi wawili. Mwaka uliopita aliahidi mmoja. Nikamuuliza kwa nini wawili. Riba, akasema, kwa sababu amechelewa miezi minne na asingependa kukumbushwa. Wa pili alikopa hela kwa shemeji yake kumnunua. Mlinzi wa mahali akamkagua mbuzi meno, akabishana naye kidogo kuhusu umri wa yule mdogo, kisha akaandika kwenye daftari.

Mimi sikupigilia kitu. Kurudi Cotonou panda basi kubwa la asubuhi, tiketi ikatwe jana yake, na kaa upande wa kulia. Upande wa kushoto tulikaangwa na jua kuanzia Dassa mpaka mjini.